Anayefunga Breki Ndiye Anayepanda

Tarehe thelathini mwezi huu, fundi wetu mkuu wa breki anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu katika gereji hii ya magari ya mbio. Ninayeandika ni mama yake mzazi, na pia mwenzake kazini, yule mfua maovaroli wa chumba cha nyuma. Mkubwa wetu amesema niandike hotuba ya kumuaga, na iwe ya furaha. Furaha ninayo, kwa sababu nilimzaa. Mengine nitayasema kama yalivyo.

Tuanze na sifa, maana zipo tele. Gari la mtaani hupelekwa sevisi likishatembea sana. Hili letu jekundu la milango miwili hufanyiwa sevisi kila likitoka uwanjani, hata kama limezunguka asubuhi moja tu. Breki zinaungua, mafuta yake yanachemka, halafu dereva akikanyaga pedali inazama kama mguu kwenye tope. Binti yangu hupita karibu na gurudumu, akanusa, akajua pedi ipi ya breki imekwisha. Wenzake wanamwita Bibi Breki, na jina limemkaa. Hata mwanamume aliyekuja kumposa, kabla hajakaribishwa ndani, aliambiwa beringi ya gurudumu lake la mbele imekufa. Aliondoka kwa miguu na kesho yake akarudi kwa miguu. Ndiye mkwe wangu, na mpaka leo hawashi gari bila ruhusa.

Kubwa zaidi ni utaratibu aliouleta. Zamani fundi mmoja alisahau kukaza bomba la breki, dereva wa wakati huo akaingia ukutani na kuvunjika nyonga. Kikaitwa kikao, kila mtu akawa anamtazama mwenzake. Binti yangu, mdogo kuliko wote, akasimama.

"Kuanzia leo, anayefunga breki ndiye anayepanda."

Yaani ukimaliza kazi unavaa helmeti, unakaa kiti cha pili, na mzunguko wa kwanza unaupiga na dereva kwa mwendo wote. Siku ya kwanza alitapika ndani ya helmeti, na aliyeiosha ni mimi. Lakini tangu hapo mafundi walikaza kila nati kama wanafunga mlango wa nyumba zao, na hakuna dereva mwingine aliyeumia kwa kosa la gereji. Hakuna. Picha za vikombe mmezijaza ukutani na yeye hayumo, ila moja tu, inayoonyesha miguu yake chini ya gari. Miguu hiyo naijua, nimeizaa.

Mwaka huu dereva wetu wa sasa, mtoto wa mkubwa, alitaka gari liwe jepesi, kiti cha pili kikang'olewa. Binti yangu alienda ofisini kwa mkubwa kwa heshima zote, akaomba kirudishwe hata siku za majaribio tu. Akaambiwa siku hizi kuna mashine za kupima breki. Hakubishana, mwenyewe anazitumia. Alichosema ni kwamba mashine haina watoto nyumbani. Basi akapewa achague: afunge breki bila kupanda, au astaafu mapema. Kwenye ratiba ya sherehe hii ya kumuaga mmeandika "kwa hiari yake". Mimi nafua nguo zenu, madoa nayajua.

Juzi dereva alinifuata kwenye chumba cha kufulia, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Breki mpya zimefungwa na fundi mwingine, mashine imezipitisha, lakini usingizi hauji.

"Mama, mwombe dada aje aliguse gari tu."

Nilimwonea huruma, naye ni mtoto wa mtu. Nikaufikisha ujumbe. Binti yangu alikuwa akimenya viazi, akamaliza kimoja na kukitia sufuriani.

"Mwambie kiti kinafungwa kwa boliti nne. Kikiwepo, nakuja hata kesho alfajiri."

Nilimwambia dereva, naye akamwambia baba yake. Mpaka naandika haya kiti kipo stoo juu ya matairi ya zamani, na mbio ni Jumapili.

Mwanangu, gereji nzima inakushukuru, hata wanaoona haya kulisema. Upate afya, upumzike, ucheke na wanao. Nawe kijana dereva, nakuombea kheri kwa moyo mmoja. Zaidi ya hilo sina cha kukupa.