Mikono ya Viviane mu Maziwa

Sikieni, batoto bangu: mwenye kuficha ugonjwa, kifo inamuumbua, na miye sitaki kifo iseme mbele yangu. Pélagie, acha kulia kwanza, nisaidie nikae. Trésor, simama karibu na muke wako Viviane, juu hii maneno iko ya kwake.

Tangu tutoke Bukavu fromaji ndiyo inatulisha, ile jibini nyeupe ya siku moja, yenye inavunjika mu vidole. Masere mumoja, mutawa wa Mexique, alinifundisha: pasha maziwa, kamulia ndimu, chuja mu kitambaa, tia chumvi, basi. Kwao banainyunyiza juu ya maharagi. Siye tuliiweka juu ya sombe, majani yetu ya muhogo, mukacheka, kisha mukaramba sahani. "Mama Ursule," aliniambia, "kitambaa uchemshe kila siku." Niliitika ndiyo, lakini moyoni nikasema, huyu atafundisha mutoto wa bachungaji ba ng'ombe mambo ya maziwa? Kwetu chombo ya maziwa tunaifukiza na moshi wa majani, vile mama alikuwa anafanya na kibuyu yake. Donc nikafukiza kitambaa, sikuchemsha.

Fromaji ikaharibika, bageni ba bamasere bakaumwa tumbo siku tatu. Nilijua ni miye. Lakini nilisimama mbele yenu bote nikasema ni Viviane, eti aligusa maziwa akiwa mu siku zake, na kwetu mwanamuke wa hivyo hakaribii maziwa. Mutoto wa Yahuma, kule mu pori, mwenye hakukulia na ng'ombe, angejitetea na nini? Miaka nane hajagusa sufuria yangu. Jamaa bakamuita mikono mubaya, nikasikia, nikanyamaza. Aibu ilinishinda, Mungu wangu!

Bon. Nyumba iko yenu, Trésor na Pélagie, musiuze, musigombane. Lakini sufuria kubwa na kazi yote ya fromaji ninamupa Viviane. Najua, Pélagie, uliingojea. Kasirikia miye, usikasirikie wifi yako. Na siku ya kunizika, kabla bafunike sanduku, Trésor aseme kwa sauti: mama yetu alimusingizia huyu.

Mungu abafungulie njia, mukule sahani moja, batoto benu bapite umri wangu... Pumzi inaisha. Fromaji ya asubuhi ingali mu kitambaa? Viviane, mwanangu, fungua weye. Nisamehe... Nionjeshe kidogo. Hapana, acha kijiko. Na mukono wako, bote baone.