Siku Niliyokiri Kosa Mbele ya Baraza la Wauguzi

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu! Mimi ni Espérance, muuguzi. Wengi wenu hapa Cibitoke nimewachoma sindano. Leo nimesimama kueleza jinsi Mungu alivyoniokoa na uongo wangu mwenyewe.

Mwaka juzi alikuja kwenye kituo chetu cha afya Mama Zuhura, mshonaji wa mtaa wa Buyenzi, akiwa na kidonda kibaya mguuni. Foleni ilikuwa ndefu. Nikamchoma penisilini bila kumwuliza kama dawa hiyo inamdhuru. Ndugu zangu, muda si muda midomo ikavimba, pumzi ikambana! Daktari alikuja mbio, akamwokoa. Alilazwa siku nne.

Mwenzangu wa zamu akaninong'oneza, "Andika kwenye kadi yake ya matibabu kwamba ulimwuliza, akasema hana shida." Nikaandika. Kwa mkono huu!

Mama Zuhura alipopona akanishtaki kwenye baraza linalosimamia wauguzi. Nikapata barua ya kuitwa. Nilifunga, nikaomba, nikimsihi Mungu kesi ifutwe. Habari ya kadi sikuigusa katika maombi, kana kwamba Yeye hakuiona.

Siku ya kikao, wajumbe watano walikaa mezani, kadi mbele yao. Wakamwuliza Mama Zuhura kama nilimwuliza lolote kabla ya sindano.

"Apana," akasema. "Angeniuliza, ningemwambia. Tangu mutoto ile dawa inanikataa. Na sasa kadi inasema mi ni muongo."

Nikaona nimemuumiza mara mbili. Nikasimama hata kabla ya kuitwa.

"Mama huyu anasema kweli. Sikumwuliza. Maneno ya kwenye kadi niliyaongeza baadaye."

Haleluya! Kifua kilifunguka.

Sitawaficha, adhabu niliipata. Walinisimamisha kazi miezi sita, wakanirudisha mafunzoni. Nililia sana. Lakini siku ile ile, mlangoni, Mama Zuhura alinishika bega, akasema, "Nilitaka useme tu, binti yangu. Mi nimekusamehe. Allah naye akusamehe."

Nimerudi kazini sasa. Kila mgonjwa namwuliza, hata kama foleni imefika barabarani. Namshukuru Mungu, maana leo nalala usingizi.

Ndugu yangu, kama kuna jambo umelifunika, mwite Yesu leo, kisha uende kwa yule uliyemkosea ukamwambie. Usiogope. Utakapofungua kinywa, hutakuwa peke yako. Mimi sikuwa peke yangu.