Bi. Ofelia na Kisanduku Kilichoachwa Wazi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwashauri wanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho wa sekondari, Bi. Ofelia Barrientos anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei. Hapa Las Cruces hakuna mtaa usio na mtu aliyefika chuo kupitia ofisi yake ndogo yenye harufu ya pilipili za kuchoma, maana droo ya fomu ndiyo hiyo hiyo ya burito, chapati zake za kukunjia nyama na maharagwe.

Kila msimu wa maombi ya vyuo na ufadhili, kisanduku kimoja cha kutia alama kwenye fomu kiliwatoa vijana jasho: je, una asili ya Kihispaniki au Kilatino, yaani ya nchi za Amerika zinazozungumza Kihispania? Bi. Ofelia hakumruhusu mtu kukijaza wala kukiruka kabla hajaandika ukurasa mmoja kuhusu bibi yake. Kijana mmoja alimletea majibu ya kipimo cha mate kinachoonyesha asili ya mtu. "Asilimia nne si bibi, mwanangu," alimwambia, kisha akamtafutia ufadhili mwingine, na akaupata.

Wa kukumbukwa zaidi ni Maren Lindqvist, mwaka 2011. Nywele za rangi ya mahindi, jina la baba Mswidi, Kihispania cha kuokoteza. Aliyemlea ni bibi mzaa mama, Doña Chayo, Mmeksiko wa Chihuahua. Hata hivyo, Maren alikiacha kisanduku wazi.

"Watasema nimeiba nafasi ya mtu," alilia.

"Ukurasa wako umeniliza, halafu bibi huyo huyo unamkana kwenye fomu?" Bi. Ofelia alimuuliza.

Maren akajaza. Kamati ya ufadhili ikatilia shaka, ikamwita Albuquerque kumhoji. Akikataliwa, chuo ndiyo basi tena.

Bi. Ofelia aliwaendesha kwa gari lake kwa muda wa saa tatu, binti na bibi yake. Mlangoni Doña Chayo akagoma: mjukuu haingii bila baraka. Maren, bila kuambiwa, akainamisha kichwa, akachorewa msalaba kwenye paji la uso, akaubusu mkono wa bibi. Mwenyekiti wa kamati, aliyekuja kuwapokea, akaikunja karatasi yake ya maswali.

"Bibi yangu naye hakuniacha nitoke bila baraka hiyo," alisema. "Karibuni ndani."

Waliporudi na ufadhili mkononi ndipo Bi. Ofelia alipotuambia sisi walimu wenzake kwamba mwaka 1978 yeye mwenyewe alikiacha kisanduku hicho wazi kwa aibu, akakosa ufadhili, akapiga pasi hotelini miaka mitatu. Siku hiyo hatukumtania, nasi humtania kila siku.

Leo Maren ni daktari wa watoto hapa mjini. Ameomba awe wa kwanza kwenye foleni ya kumuaga Ijumaa.

Ahsante, Bi. Ofelia, kwa kila ukurasa. Ukapumzike kwa heri na afya, ule burito zako mbali na fomu. Ila keki haikatwi kabla hujatubariki. Vichwa tutainamisha wenyewe.