Refa wa Lusweti

MAXIMILLA: Haloo? Nani huyo?

WACEKE: Habari ya mchana, madam. Ni Waceke, kwa ofisi ya timu ya mpira hapa Eldoret. Ndugu yako Lusweti ameomba kazi ya ukocha. Amekuandika wewe kama refa.

MAXIMILLA: Refa? Mimi filimbi hata sijawahi kushika.

WACEKE: Si wa uwanjani. Wa kuthibitisha maneno yake.

MAXIMILLA: Aa. Amesema aje?

WACEKE: Ameandika alicheza ligi kuu, akaumia goti.

MAXIMILLA: Goti aliumia, kweli kabisa.

WACEKE: Akicheza?

MAXIMILLA: Haloo? Network huku Moiben inapotea—

WACEKE: Mimi nakusikia poa sana.

MAXIMILLA: Haya basi. Alianguka kutoka kwa mti wa bluegum. Hakuwa na tiketi, akapanda aone mechi. Goli likaingia, akapiga makofi na mikono yote miwili.

WACEKE: [anakohoa] Pole. Na ukocha?

MAXIMILLA: Ulianzia hapo. Miezi minne mguu kwa plasta. Sisi wasichana tulikuwa tunachezea kwa shamba, mahindi ikishavunwa. Yeye kwa kiti, kelele tu, "Maxi, inua kichwa." Nikamtusi siku ya kwanza.

WACEKE: Na ya pili?

MAXIMILLA: Nikainua. Tukafika fainali ya kaunti, pale Chepkoilel. Baba alikuwa amesema hiyo ni kazi ya wavivu. Siku hiyo nikamwona amejificha nyuma ya watu, anafuta macho na kofia.

WACEKE: Mlishinda?

MAXIMILLA: Mimi ndio nilifunga. Waceke, nimemharibia, sindio? Andika tu alicheza ligi, mimi nitaapa—

WACEKE: Usiape. Leo asubuhi mwenyekiti alimbana kidogo, akakubali hiyo ya ligi ni uongo, akasema ya mti. Mwenyekiti akakataa kuamini. Alisema, mpigie refa wake, na hii ikiwa uongo pia tumfukuze.

MAXIMILLA: Kumbe mti ndio umemwokoa.

WACEKE: Na wewe, bado unacheza?

MAXIMILLA: Mimi niko na ng'ombe sita, mama.

WACEKE: Watafutie mtu. Lusweti amesema bila msaidizi wake hachukui kazi.

MAXIMILLA: Msaidizi gani?

WACEKE: Credit inaisha. Jumatatu saa tatu, uwanja wa Kimumu, mje wote wawili. Na ubebe viatu za—

MAXIMILLA: Waceke? Viatu za nani? [simu imekatika] Haloo?