Marcelino Tarsis, Aliyejua Kwamba Hatuko Katikati

Marcelino alizaliwa Bagamoyo tarehe 4 Mei 1897, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Tarsis. Ninayesoma ni Severa, dada yake, niliyembeba mgongoni. Nisikilizeni mpaka mwisho, maana yeye hamkumsikiliza.

Alisoma shule ya misheni miaka minne. Mwaka 1916 vita ilimchukua akabebe mizigo, akalala nje miaka miwili, na huko ndiko alikozoea kutazama juu. Mwaka 1920 alipata kazi ya kubeba vyombo vya mpima ardhi, nasi tukapanga hapa Kariakoo, upande wa Gerezani. Mpima huyo alitazama nyota ili ajue mahali aliposimama. Marcelino alimshikia taa, akamuuliza maswali mpaka bwana akachoka.

Mwaka 1924 alifunga ndoa na Agnesi. Mwaka 1929 Agnesi alirudi kwao. “Mume ninaye, ila macho yake siyaoni,” alisema. Leo amekaa mbele, analia kutushinda sote.

Kila usiku usio na mawingu Marcelino alilala chali uani, akatazama kwa kipande cha bomba la bati, akahesabu nyota zilizoingia kwenye tundu kila alipolielekeza, tundu la kwanza, la pili, na kuendelea, akaziandika. Alifanya hivyo miaka tisa. Nawe Mzee Mwinyimvua, jirani yetu, ulisema, “Ya chini yamemshinda, ya juu atayaweza?” Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Siku moja alinieleza. “Dada, ukisimama Jangwani ukatazama taa za Kariakoo, utaziona zimesongamana upande mmoja. Ungekuwa katikati ungeziona pande zote sawasawa. Ule ukanda mweupe wa mbinguni umesongamana kwenye mkia wa Nge, zile nyota zilizopangika kama nge. Basi sisi tuko pembeni.”

Nikamwambia, “Mbona penye kusongamana pana mashimo meusi?”

“Si mashimo. Ni kama moshi wa gari moshi hapo Gerezani. Nyota ziko nyuma yake.”

Na yale mawingu mawili madogo ya kusini, ambayo upepo hauyasogezi, alisema ni miji mingine ya nyota, majirani zetu. Padre mmoja aliyekuwa aende Ulaya baada ya Krismasi ya 1936 alikubali kuyapeleka madaftari yake kwa wajuzi. Marcelino hakuwa na tamaa nyingine duniani.

Juni mwaka huo alishikwa na kichomi, akalazwa wiki saba. Nilisafisha chumba chake. Nilikuta madaftari saba yamejaa tarakimu. Nikampa muuza njugu wa sokoni afungie biashara yake, naye akanipa kibaba cha njugu. Nilizila zote. Zilikuwa tamu.

Agosti alitoka hospitali. Alipita sokoni, akanunua njugu aniletee zawadi. Alizimimina kwenye sahani, akaikunjua karatasi, akaitazama kwa muda mrefu.

“Dada, huu ni mkia wa Nge.”

Nilikimbia sokoni, lakini yaliyobaki yalikuwa yamekwenda mikononi mwa watu, yakatupwa. Labda wewe uliyekaa hapo ulifungiwa njugu humo. Lile bomba alilirudisha kwenye mfereji wa paa, na tangu siku hiyo usiku alilala ndani. Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza, na mimi sikumwomba msamaha. Nilikuwa nangoja apone.

Kichomi kilirudi Januari. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Februari 1937, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa.

Ameacha mjane wake Agnesi, mpwa wake Wilbert, ambaye ni mwanangu, na dada mmoja, ambaye mmeshamjua. Ameacha pia karatasi hii yenye mafuta na chumvi. Mmeniambia niiweke kaburini. Siiweki. Chini kabisa ameandika kwa mkono wake: “Tundu la sita, nyota thelathini na moja. Moshi mwingi leo. Nirudie kesho.”

Lala, mdogo wangu. Mungu akupe mahali pasipo moshi, nami anisamehe.