Kitufe cha Kuokoa Mgonjwa

Mimi sisikilizi mazungumzo ya watu. Masikio yangu ndiyo yaliyokaa vibaya. Kiti cha mbele yangu kwenye basi, muuguzi mwenye sare alikuwa akimmwagia malalamiko kijana wa miwani, ambaye hata hakumjua.

"Programu mpya ya zahanati yetu ina kitufe kimeandikwa 'Okoa mgonjwa'. Nimekibonyeza wiki nzima, wagonjwa bado wanakohoa!"

Kijana akarekebisha miwani. "Maana yake ni kuhifadhi taarifa zake, dada."

"Si waandike 'Hifadhi' basi? Chini yake kuna 'Ondoa mgonjwa'. Jana kwa haraka nikabonyeza hicho, nikamwondoa mama mjamzito na vipimo vyake vyote vya miezi saba. Leo anakuja, nimwambie nini? Huyo aliyetafsiri, Kiswahili alikiokota wapi?"

"Ni mimi," kijana akasema, kama anayekiri kuiba kuku. Nami nikainama kujifanya nafunga kamba za viatu, ilhali nimevaa ndala.

"Tunajitolea tu, dada. Programu ni ya wote, hata wewe unaweza kusahihisha."

"Yaani nidunge sindano, nizalishe, halafu nikufundishe na Kiswahili? Kujitolea gani huku, kumwondoa mtu na mimba yake!"

Basi likasimama mbele ya zahanati. Muuguzi akashuka, akagonga dirisha: "Hifadhi! Andika Hifadhi!"

Kijana alishatoa simu. Akafuta 'Okoa', akaandika 'Hifadhi'. Nikachungulia. Simu ikamuuliza: "Okoa mabadiliko?"