Waliodai na Walioeleza

Makomredi wa chumba cha magazeti, ninyi mliokohoa vumbi pamoja nami, Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye naomba aniwie radhi kwa kumtaja wa pili, Mkutubi Mkuu, ndugu wageni waalikwa, na wewe Mama Nawa-Kwanza, ambaye kwa miaka thelathini na moja hukumruhusu yeyote, awe profesa au mpiga kelele kama mimi, kugusa gazeti kabla hajanawa mikono.

Tunamuaga mtu, lakini tusijifanye hatulijui la pili. Ijumaa Mama atakabidhi funguo za chumba cha magazeti alichokitunza, na Kamati ya Majengo imekwisha kuomba chumba chake kiwe ofisi, magazeti ya kale yakasagwe. Yana faida gani? Nitajibu kwa kujiaibisha.

Nilifika kwake nikiwa mwaka wa pili, nikitafiti mgomo wa karakana ya reli wa miaka ya hamsini. Baada ya wiki mbili za kusoma nilikuwa nimenuna. "Mama," nikamwambia, "mbona mashujaa wangu wanasikika kama waongo?" Akanipa penseli na karatasi iliyopigwa mstari katikati. "Huku waandike wanaoeleza, huku wanaodai. Ukimaliza, endelea kununa."

Nikaandika. Meneja alieleza kuwa paa la karakana halivuji. Mafundi walidai kuwa wamelowa. Daktari wa kampuni alieleza kuwa moshi hauna madhara. Wachochea makaa walidai kuwa wanakohoa. Na siku moja, ukurasa wa tatu, chini ya tangazo la sabuni, nikakuta hili: mjane wa mpiga nyundo alidai kuwa mumewe amefariki. Ndugu zangu, maziko yalikuwa yamefanyika juzi yake, na gazeti hilohilo liliyatangaza. Alikuwa anasubiriwa nani athibitishe, marehemu mwenyewe? Katika magazeti ya miaka kumi sikumwona meneja hata mmoja aliyedai, wala kibarua aliyeeleza. Haikuhitajika kutunga uongo. Ilitosha kumpa kila mtu kitenzi cha cheo chake.

Nami, kwa moto wa ujana, nikaona nimepata silaha. Siku ileile nikabandika waraka mabwenini: "Uongozi wadai mabomba yana maji, wanafunzi twaeleza kuwa hayana." Asubuhi Mama alinisubiri mlangoni, waraka mkononi.

"Komredi, bomba umelifungua?"

"La ghorofa yetu, Mama."

"Na la chini?"

"Huko sikwenda."

"Basi karibu, mhariri. Nilidhani mliisha miaka ya hamsini."

Tukaenda wote wawili. Bomba la chini lilitoa maji kwa fujo, likanilowesha viatu, naye akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akanikalisha niandike upya, ghorofa kwa ghorofa, bomba kwa bomba, nikitaja nililoliona na nililoambiwa. Waraka huo, usio na tusi hata moja, ndio uliomleta fundi ndani ya siku tatu, ilhali mayowe yangu ya muhula mzima hayakuwa yameleta hata spana. Makamu Mkuu anaukumbuka. Naona anatabasamu, au tuseme anadai kutabasamu.

Je, ningejifunza wapi haya kama kurasa zile zingekuwa zimesagwa? Mjane yule angesomwa na nani, kwa haki, hata kama ni kwa kuchelewa? Kamati inasema chumba hakina wasomaji. Sitasema inadai. Nitasema tu kwamba tumefungua daftari la wageni na kuhesabu: mwaka jana walitia sahihi wasomaji mia sita na arobaini, na wanane kati yao ni wajumbe wa Kamati hiyohiyo.

Mama, umetufundisha ukali usio na kelele, nasi tunakushukuru. Nawashukuru nyote mlionivumilia, hasa mliokaa kwenye viti vya mbele ambako hakuna pa kujificha. Kamati inakutana Alhamisi saa nne asubuhi. Sisi tukutane saa tatu, mlangoni pa chumba cha magazeti. Nimemwomba Mama aje aeleze mwenyewe. Amenikataza kutangaza kwamba atakuja, mpaka nimwone amefika. Basi andikeni hivi: amealikwa. Alhamisi, saa tatu kamili.